Tumechoka kupewa namba tatu, tupeni namba nane

Jumatatu katika klabu nyingi za gofu nchini ni siku ya makedi. Wenye klabu wako kazini, uwanja umetulia, na sisi tunaobeba mikoba wikendi tunapata nafasi ya kupiga mpira wenyewe. Ukitupata siku hiyo hapa Nakuru usitucheke. Vijana wanne, mkoba mmoja uliokatika kamba, fimbo sita au saba kwa jumla, na tunapokezana kama watoto wenye baiskeli moja.

Sasa fungua huo mkoba. Utapata namba tatu. Utapata namba nne, pengine mbili za kampuni tofauti. Utapata namba tano iliyopinda kidogo. Namba nane hakuna. Tisa hakuna. Weji tuliyo nayo ni moja, mpini umefungwa kwa utepe mweusi wa fundi wa stima.

Kwa wewe ambaye hujawahi kushika fimbo ya gofu, wacha nikueleze haraka tuende pamoja. Aioni ni zile fimbo zenye kichwa cha chuma na namba chini yake. Tatu na nne, wengine huongeza na tano, ndizo ndefu. Nane, tisa na weji ndizo fupi. Namba ikipanda, fimbo inapungua urefu, karibu nusu inchi kila hatua, na uso wake unazidi kulala. Uso wa namba tatu umesimama, nyuzi 20 au 21 hivi. Wa namba tisa unafika 40 au kupita. Uliosimama hutuma mpira chini na mbali. Uliolala huupandisha juu, kisha unashuka na kutulia karibu na pale ulipoangukia.

Ukisoma hivyo utafikiri namba tatu ndiyo mali. Ndivyo nilivyofikiri pia. Kuna raha fulani kijana akitoa fimbo ndefu mbele ya mabeste, miguu ameipanua, macho yako Menengai, kila mtu amenyamaza. Ukiitoa namba nane watu wanaendelea na stori zao.

Lakini hiyo fimbo ndefu ni ngumu, manze. Mpira hauinuki bila kasi kubwa ya mkono na kiuno, na kasi bila usahihi ni hasara. Ukiugonga kando ya katikati kidogo tu, uso uliosimama unaupinda hewani na unauona ukienda kwa mikaratusi kama una miadi huko. Uso uliolala unasamehe. Kosa lile lile kwa namba tisa linakupeleka hatua chache kando ya shimo, na bado uko mchezoni.

Fanya jaribio hili mwenyewe. Piga mipira kumi kwa namba nne, halafu kumi kwa namba sita, kisha utembee ukahesabu iliangukia wapi. Kwa wachezaji wengi wa kawaida, fimbo ambazo zingepaswa kupishana yadi 20 na zaidi zinaangusha mipira karibu mahali pamoja, tofauti ikiwa tu kwamba ya namba nne imetawanyika zaidi. Yaani umebeba uzito wa bure begani.

Halafu kuna mambo ya hapa kwetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haupati upinzani mkubwa, kwa hiyo unaenda mbali kuliko Mombasa, kwa kukadiria tu karibu fimbo moja nzima. Mtu wa Nyali akitoa namba sita, wewe hapa huenda saba inakutosha. Anga imeshakupa msaada, na bado unang'ang'ania namba tatu ya nini?

Na nyasi. Zile nyasi nene zinazotambaa, ambazo duniani kote zinajulikana kwa jina la Kikuyu, zimetoka nyanda za juu za huku kwetu na leo ziko hadi uwanja wa Riviera, Los Angeles. Mpira ukizama ndani yake wakati wa mvua, fimbo ndefu inakamatwa shingoni, uso unageuka, na mkono unalia. Fimbo fupi inashuka kwa pembe kali na kukata. Nimeona wazee wenye miaka mingi uwanjani wakitoa aioni ndefu ndani ya nyasi hizo kwa sababu ya kiburi tu. Mimi ni kedi, nilinyamaza. Ningesema nini? Ukimshauri mteja fimbo fupi na mpira usifike, kosa ni lako, na chai siku hiyo unaisahau. Ukimpa ndefu na akakosea, kosa ni la upepo. Ndiyo maana ushauri mwingi unaousikia uwanjani unaegemea fimbo ndefu, na hauna uhusiano na gofu.

Najua kuna mtu tayari ananiandalia jina la Seve Ballesteros. Sawa, tuzungumze. Seve alishinda Kenya Open mwaka 1978 kule Muthaiga, na mwaka uliofuata akachukua The Open ya Uingereza. Alianza utotoni na namba tatu kuukuu, akipiga kokoto na mipira kwenye ufuo wa bahari kijijini kwao Pedreña, Uhispania. Fimbo moja aliifanya iwe zote: akaifungua uso, akaifunga, akaipiga mchangani. Hadithi tamu, na makedi wazee wanaipenda mno.

Lakini ufuo ule alikuwa nao kila siku, bure. Sisi tuna Jumatatu. Na hata Jumatatu yenyewe mvua ikinyesha mchana imeisha.

Nina rafiki anayetumia mkono wa kushoto. Fimbo za kushoto hapa ni nadra, hata kwa mitumba. Miaka miwili iliyopita alipata moja tu, namba tatu, na akaamua atakuwa Seve wa Nakuru. Sikudanganyi, leo anaipiga vizuri kuliko wateja wengi ninaowabebea. Mpira unatoka chini, mkali, unalia hewani. Tatizo ni akifika yadi 60 kutoka kwa bendera. Hapo hana kitu. Anajaribu kuupandisha kwa fimbo isiyotaka kupanda, unapita grini, anarudi, unapita tena. Shimo alilolianza kama bingwa analimaliza kwa mapigo saba. Mapaja ya mchezo anayo, vidole hana.

Sasa hesabu. Uwanja wa mapigo 72 unakupa mapigo mawili ya kusukuma kwa kila shimo. Hiyo ni 36, nusu nzima, kabla hujagusa aioni yoyote. Ongeza yale ya kukaribia grini. Aioni ndefu inabaki na mapigo mangapi? Machache sana, na mengi kati ya hayo ungeweza kuyagawa mara mbili kwa fimbo fupi bila kupoteza heshima.

Namba ndefu ina kazi yake, sikatai. Chini ya matawi, au upepo wa mchana ukija usoni, mpira wa chini unakuokoa. Hata Tiger Woods aliposhinda The Open ya 2006 pale Hoylake alitumia dreva mara moja tu wiki nzima, na mara nyingi alianza mashimo kwa aioni ndefu. Ila angalia vizuri: yeye aliichagua kama fimbo ya kujizuia, akiogopa bunka. Sisi tunaichukua ili tuonekane.

Au tunaichukua kwa sababu ndiyo tuliyopewa. Hapa ndipo shida yangu ilipo. Wewe mwenye klabu, miaka ya karibuni umenunua haibridi, ile fimbo yenye kichwa kinene inayoinua mpira kwa urahisi. Vizuri. Namba tatu na nne zikakosa kazi, ukamgawia kedi wako, ukapigwa picha, ukaenda. Umetupa ile iliyokushinda wewe, ukiwa na mwalimu, viatu na mipira mipya, ili tuanze nayo sisi. Kijana anapiga miezi mitatu, mpira hauinuki, anaamua gofu si ya watu kama yeye na anarudi kwa boda. Nimewaona wakienda. Hakuna aliyewaambia kwamba fimbo ndiyo ilikuwa ngumu.

Na wewe kijana, ukipata elfu mbili za kununua fimbo moja ya mtumba, usiulize muuzaji ipi inaenda mbali. Chukua nane au tisa. Na usiamini sana namba, kwa sababu kampuni zimekuwa zikisimamisha nyuso mwaka baada ya mwaka. Namba saba ya leo mara nyingi ina uso wa namba tano ya zamani. Iweke chini kando ya nyingine, uone uso ulivyolala, kisha ulipe.

Na kama nyumbani kwako kuna namba nane ya mkono wa kushoto imelala nyuma ya mlango, ilete uwanjani Jumatatu yoyote asubuhi. Utamtambua rafiki yangu. Ni yule anayepiga upande ule mwingine, halafu anatembea akitukana polepole kuelekea grini.