Mwenzi wako akijifunza tena kutembea

Siku ya arusi yetu tuliahidi mbele ya padri na mashahidi kupendana katika afya na katika ugonjwa. Siku ile tulikuwa na nguvu, na neno la ugonjwa lilipita masikioni kama jambo la watu wengine. Wengi tumelifahamu baadaye, mwenzi wetu aliporudi nyumbani kutoka hospitali, yu hai, Mungu ashukuriwe, lakini nusu ya mwili wake haimtii tena.

Tufikirie nyumba moja ya Katuba, hapa Lubumbashi; nyumba za namna hiyo si chache. Baba ni seremala. Asubuhi moja alianguka kwa kiharusi. Mkono wake wa kulia, uliozoea randa na msumeno, sasa hauwezi kushika tonge la bukari, na ulimi wake umekuwa mzito. Mama anauza makala sokoni, ananunua dawa, anamwogesha mumewe. Ndugu za mume wanakuja na maneno yao. Mmoja anataka apelekwe kwa nabii aliyeahidi kumsimamisha kwa siku tatu. Mwingine anauliza ni nani aliyemroga, na macho yake yanamwangukia mama.

Hapo ndipo imani inapojaribiwa. Tuseme wazi: kiharusi si uchawi. Ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au kupasuka, na mara nyingi chanzo chake ni shinikizo kubwa la damu. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizo nzima zaweza kufundishwa kazi yake, kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi, kama mtoto ajifunzavyo kuandika. Miezi ya kwanza ndiyo yenye matunda zaidi. Anayeiacha ipite akingoja muujiza wa siku moja, ameacha mvua ya kwanza ipite bila kupanda mbegu.

Basi, yale anayofundisha mganga wa mazoezi hospitalini yafanywe nyumbani kila siku. Mgonjwa asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega lake litaumia. Akivaa shati, mkono mgonjwa uingie kwanza. Akilivua, utoke mwisho. Fimbo aishike kwa mkono mzima. Na kazi anayoiweza, hata kwa kukawia, aachiwe. Ni vigumu, twajua: mama anachelewa sokoni, na kifungo kimoja kinamaliza muda. Lakini kumfungia vifungo vyote kila siku ni kumfunga yeye mwenyewe.

Maandiko Matakatifu hayakuficha ugumu huu. Tobiti, mtu mwenye haki, alipopofuka, mkewe Anna alifuma nguo za watu kwa mshahara. Siku moja akaongezewa mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mlio wake akamshtaki mkewe kuwa amemwiba, naye Anna akamjibu kwa ukali. Watu wawili wacha Mungu, wanagombana kwa sababu ya mbuzi! Mgonjwa huona haya kulishwa kwa jasho la mkewe. Naye mke amechoka, na hakuna amwulizaye habari zake. Wakiumizana kwa maneno, wasidhani imani yao imekufa. Waombane msamaha kabla ya kulala, wasali pamoja. Tobiti naye alisali, na Mungu akamtuma Malaika Rafaeli. Lakini tuangalie vema: malaika alimwonyesha mwana dawa ya nyongo ya samaki, na mkono wa mwana ndio uliompaka baba yake. Mwenye kusali hadharau dawa wala mkono wa mtu.

Wengine huogopa kumwita padri, wakidhani Mpako Mtakatifu ni kuaga dunia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha, mwaka 1963, kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika pumzi za mwisho. Padri aitwe mapema.

Na jumuiya je? Yule mwenye kupooza wa Injili ya Marko alibebwa na watu wanne; mke peke yake hawezi kushika pembe zote nne za kitanda. Jirani akae na mgonjwa, mama apate kwenda Misa au kulala. Shemeji aliyeleta habari za uchawi alete nguvu zake, amsindikize kaka yake hospitali. Tangu mwaka 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari; lakini tarehe 12 mgonjwa angali mgonjwa.

Labda mkono ule hautashika randa tena. Tumaini la Mkristu halitoi ahadi asiyoitoa Mungu. Lasema tu kwamba Mungu hatatuacha, na kwamba kazi ya leo haipotei mbele yake. Bandu bandu huisha gogo. Seremala alijua hivyo kabla yetu. Jana hatua tatu kutoka kitandani, leo nne, mkewe akiwa karibu, mikono tayari, bila kumshika. Mungu awabariki wote wawili.