MAMBO YA SHAMBA: Sangari Katika Mabua ya Ngano

Ngano ikisha kuvunwa, mkulima huyatazama mabua akadhani kazi imekwisha. Lakini katika mashamba mengi ya Uasin Gishu, Nakuru na Narok adui hubaki ardhini, naye ni sangari. Nyasi hizi hazitegemei mbegu peke yake. Mashina yake meupe hutambaa chini ya udongo, na kila kipande chenye kifundo chaweza kuchipuka kikawa mmea mzima.

Kwa hiyo mkulima alimaye mara tu baada ya kuvuna hujidhuru mwenyewe. Plau na haro huyakata mashina hayo vipande vipande na kuyatawanya shambani kote. Msimu ujao ngano itagawana maji na mbolea na nyasi zisizompa mwenyewe hata gunia moja. Haraka haraka haina baraka.

Iko dawa iitwayo glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Dawa hii huingia kwa majani mabichi, kisha hushuka pamoja na chakula cha mmea mpaka kwenye mashina ya chini na kuyaua. Haichagui, huua ngano, mahindi na maharagwe vilevile. Ndiyo maana wakati wake mwema ni baada ya mavuno, shamba likiwa halina zao.

Yafaa kungoja mpaka sangari ichipuke tena na kufika karibu shubiri moja, ikiwa na majani mengi yenye afya. Nyasi zilizonyauka kwa jua au kufunikwa na vumbi hazipokei dawa vyema. Hapa pana jambo gumu: ng'ombe wamezoea kulishwa mabuani, nao wakiyala majani hayo, dawa haina pa kuingilia. Hawana budi kuzuiwa kwa muda huo, ingawa malisho ni haba.

Maji ya kuchanganyia yawe safi, kwa maana udongo wa maji ya tope huishika dawa isifanye kazi. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye chupa. Siku ya upepo au ya mawingu ya mvua haifai. Baada ya kunyunyiza, shamba liachwe wiki mbili au tatu kabla ya kulimwa.

Anyunyizaye avae viatu vya mpira, glavu na nguo ndefu, wala asile wala kuvuta tumbaku kazini. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitaja dawa hii kuwa huenda ikaleta saratani. Wakaguzi wa Marekani na Ulaya hawakukubali. Wakati wakubwa wanabishana, mwenye busara hujikinga. Chupa tupu zitobolewe, zisitiliwe maziwa kamwe.

Mwenye kishamba kidogo aweza kuiacha dawa, akaing'oa sangari kwa jembe uma wakati wa kiangazi na kuianika juani mpaka ikauke kabisa. Kazi ni nyingi, lakini kipande kisichoachwa ardhini hakichipuki.