USIMFUTE BABU YAKO ILI UPATE BABU MWARABU



Ndugu yangu Muislamu, juzi kijana wa Oloipiri, huku kwetu Loliondo, alinitumia mti wa ukoo wake. Ameuchora kwa simu kwenye FamilySearch, mahali ambapo hulipi hata shilingi. Jina lake lipo, la baba yake lipo. Kwa babu ameandika Abdallah. Na juu ya huyo Abdallah amempachika sheikh wa Hadhramaut aliyemkuta kwenye mti wa watu wengine.

Nikamuuliza: babu yako si alikuwa mzee wa Kimaasai, kafa kabla hata hamjajua msikiti? Akasema, "Ndiyo sheikh, ila naona aibu. Hakuwa Muislamu."

Aibu! Hebu niambie wewe unayesoma: Umar R.A. alikuwa bin nani? Bin Khattab. Khalid je? Bin Walid, na Walid alikuwa miongoni mwa wakubwa wa Makka walioipinga Qur'ani. Ikrima ndiye usiseme, yeye ni bin Abi Jahl! Mtume S.A.W. aliwabadilishia baadhi ya Masahaba majina yao wenyewe yenye maana mbaya, lakini baba zao aliwaachia. Wakasilimu, wakapigana jihadi, wakafa, na tunawataja kwa baba hao hao mpaka leo.

Na Zayd R.A.? Watu walikuwa wakimwita Zayd bin Muhammad, kwa kuwa Mtume alimlea kama mwana. Ikashuka aya ya tano ya Suratul Ahzab, waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikuruhusiwa kukaa mahali pa baba mzazi, seuze la sheikh uliyemwokota kwenye simu? Wapo Bukhari na Muslim waliopokea onyo kali mno kwa mtu anayejinasibisha na asiye baba yake hali anajua. Lisome, kisha urudi kwenye huo mti wako.

Utasema, "Lakini hatuwaombei maghfira waliokufa nje ya Uislamu." Sawa. Nani kakwambia kuandika jina ni kuomba maghfira? Hukumu ya mtu ambaye ujumbe haukumfikia iko kwa Mola wake. Wewe umeambiwa ujue ndugu zako ili uunge udugu, na ili mirathi isigawiwe kwa kubahatisha.

Lawama hii, wallahi, naanza nayo kwetu sisi walimu. Mtu akisilimu leo Ngorongoro au Karatu, tunamwandikia jina jipya, halafu tunamalizia na la baba yake kana kwamba nalo lina najisi. Kijana kajifunza wapi aibu hiyo kama si kwetu?

Sasa kuhusu hiyo FamilySearch. Siikatazi, ila ujue umeingia nyumba ya nani. Ni ya kanisa la Wamormoni wa Utah, Marekani, ambao walianzisha jumuiya yao ya nasaba mwaka 1894. Wao huamini kwamba aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba ya maiti, ndiyo maana wanakusanya majina kwa bidii hiyo. Kwetu ubatizo huo haumgusi maiti kwa lolote. Kazi yao ya kutunza kumbukumbu ni kubwa, tusiwadharau. Lakini kule mti wa marehemu ni mmoja kwa wote, na yeyote anaweza kuuhariri. Kwa hiyo ulipompachika babu yako kwa yule sheikh, umechafua nasaba ya familia ya watu Hadhramaut.

Tena humo utatafuta babu wa Oloipiri mpaka bando liishe. Kumbukumbu nyingi za mitandao hiyo zimetoka kwenye vitabu vya makanisa na ofisi za serikali. Babu yako hakubatizwa wala hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kumbukumbu zake ziko kwa bibi yako, ambaye hujakwenda kumwamkia tangu Idi.

Nenda. Na nenda kwa adabu, maana kwa mila ya Kimaasai jina la marehemu halitajwi hovyo. Anza na ukoo: Mollel? Laizer? Kisha rika. Ukiambiwa Nyangusi, umeshajua alikuwa morani kuanzia miaka ya 1940. Uliza kama walikuwamo waliotolewa Serengeti mwaka 1959, na boma lilikuwa wapi kabla ya hapo. Uliza nani alimnyonyesha mtoto wa nani! Kwenye programu hizi hukuti kisanduku cha ndugu wa kunyonya, na kwa madhehebu yetu ya Shafi, manyonyo matano ndani ya miaka miwili ya mwanzo yanaharamisha ndoa. Hilo liandike kwenye daftari.

Kijana wetu amemfuta Abdallah, na sheikh wa watu amemrudisha kwao. Bibi bado hajakubali kulitaja jina la mumewe. Mahali pake, kwa sasa, pameandikwa ukoo na rika tu.

Wallahu aalam.