Tutafute Kosa Kabla ya Mkosaji

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo katika gazeti letu la shule, niwaeleze wanafunzi wenzangu, walimu wetu, na wazazi watakaolisoma, jambo lililonipata nyumbani katika likizo ya Desemba 2024, pamoja na maoni niliyotoka nayo. Nasadiki ya kuwa maoni hayo yatuhusu sote, hata wale wasiopenda kompyuta.

Baba yangu ni fundi cherehani. Hushona sare za shule, na hesabu zake zote alikuwa akiziandika katika madaftari ambayo mara nyingi yaliishia kuliwa na panya. Kwa muda mrefu aliweka akiba ili anunue kompyuta ya kutunzia hesabu hizo, na ya sisi watoto kujifunzia. Mimi ndiye niliyemshauri asinunue iliyokwisha kuundwa, bali tununue vipande vyake katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, nami niviunge nyumbani. Nilimwambia ya kuwa nitaweza. Baba alinisadiki.

Basi tukaleta nyumbani kasha la chuma. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, na feni yake. Rami, ambayo ndiyo kumbukumbu ya mashine inapokuwa kazini. Diski ya kuhifadhia. Na pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, ambao vipande vingine vyaweza kuutumia.

Nilifanya kazi tangu adhuhuri hata magharibi. Mdogo wangu, mtoto wa miaka tisa, alikaa kando akinishikia bisibisi. Kazi ilipokaribia kwisha, Mama aliniita jikoni. Niliporudi nilimkuta mdogo wangu ameingiza mkono ndani ya kasha, akitoa skrubu iliyoanguka. Nilimfukuza. Kisha nikawaita Baba na Mama waje washuhudie, nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi kama masizi. Tukangoja. Nikazima, nikawasha tena. Hali ikawa ile ile.

Baba akauliza, "Kuna nini?" Nami nikajibu bila kufikiri, "Huyu aliingiza mkono ndani nilipokuwa jikoni."

Maneno hayo yalitosha. Mtoto alilia akasema, "Dada, mimi nilitoa skrubu tu." Hakuna aliyemsikiliza. Baba alimkemea kwa ukali, akamnyima ruhusa ya kwenda na wenzake kwa Bibi, naye akalala bila kula. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikiiogopa ile akiba ya Baba, na nilipoona kosa limempata mtu mwingine, nilishusha pumzi.

Siku ya tatu alikuja Mjomba, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio. Nilimwamkia, na kabla hajamaliza chai nikaanza kumsimulia jinsi mtoto alivyoiharibu kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu. "Mwanangu, mara ya mwisho iliwaka lini?"

Nikasema, "Haijawaka hata mara moja, Mjomba."

"Basi imeharibiwaje? Kitu kilichokuwa kikifanya kazi kikaacha, hicho twaweza kusema kimeharibika. Kitu ambacho hakijafanya kazi kabisa, hiyo ni kazi ambayo haijakwisha. Na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nani?"

Sikuwa na la kujibu.

Mjomba hakuijua kompyuta kuliko mimi, lakini alijua namna ya kutafuta. Alitaka daftari na kalamu, akanipa masharti matatu. La kwanza, tuanze pale umeme unapoanzia, tuufuate hatua kwa hatua. La pili, tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila tunachokiona tukiandike. Maana ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikawaka, hutajua kilichoiponya, na isipowaka hutajua umejaribu nini. La tatu, kabla ya kuingiza mkono ndani tuchomoe waya wa umeme ukutani, kisha tuguse chuma kitupu cha kasha, kwa sababu umeme tuli ulio mwilini mwa mtu, hata usiousikia, waweza kuua kipande kidogo cha kompyuta.

Tulianza ukutani. Tulichomeka taa ya mezani katika soketi ile ile, ikawaka. Basi soketi ni nzima. Tukaitazama swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, nayo ilikuwa imewashwa. Mimi nikasema ya kuwa kwa kuwa feni zazunguka, umeme umekwisha kufika kila mahali. Mjomba akasema, "Umefika kwenye feni. Hayo ndiyo unayoyajua." Hapo nikaanza kuona jinsi nilivyozoea kusema zaidi ya ninayoyajua.

Tukachomoa waya wa skrini na kuurudisha. Hakuna badiliko, nikaandika. Rami zilikuwa mbili. Tukatoa moja, na ile iliyobaki tukaisukuma katika nafasi yake mpaka vishikizo vikalia. Hakuna badiliko, nikaandika. Tukaondoa diski, maana kompyuta yaweza kuleta maandishi yake ya kwanza hata bila diski. Hakuna badiliko, nikaandika. Tukafungua ubao mkuu tutazame kama kuna skrubu nyuma yake inayougusa na kuleta shoti. Nakiri ya kuwa moyoni niliomba iwepo, ili mdogo wangu aonekane mkosaji. Haikuwepo. Ile moja iliyoanguka ndiyo aliyoitoa yeye, na kama angaliiacha mle ndani, huenda ingaliuunguza ubao mzima.

Mwisho Mjomba aliuliza kama ubao ule ulikuja na kijitabu. Kilikuwa ndani ya boksi, hakijafunguliwa. Tukakisoma mchoro kwa mchoro, tukilinganisha na ubao wenyewe. Kumbe ubao hupokea umeme kwa njia mbili: kwa plagi kubwa ya pini 24, ambayo nilikuwa nimeichomeka, na kwa plagi ndogo ya pini 8 iliyo karibu na prosesa, ambayo kazi yake ni kuilisha prosesa. Bila ya hiyo ndogo, feni zaweza kuzunguka na taa zikawaka, lakini prosesa haiamki, na skrini haipati picha. Pale kwenye kona ya ubao palikuwa na matundu manane matupu. Waya wake ulikuwa nyuma ya ubao, nilikouficha mimi mwenyewe ili kazi yangu ionekane nadhifu.

Tuliuchomeka, nikabonyeza kitufe, na baada ya muda mfupi maandishi yakatokea kwenye skrini.

Nilimwomba mdogo wangu radhi mbele ya Baba na Mama. Baba naye alimwomba radhi, jambo ambalo sikupata kuliona maishani mwangu. Lakini watoto wenzake walikuwa wamekwisha kwenda kwa Bibi na kurudi, na safari ile haikuweza kurudishwa.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya desturi yetu. Kitu kikikataa kufanya kazi, neno la kwanza midomoni mwetu ni "Nani?" Twauliza nani kabla ya kujua nini. Naona ya kuwa desturi hii yatudhuru, na ya kuwa yatupasa kuiacha.

Wanaopenda historia wataona ya kuwa watu wa kazi hii walijifunza jambo hilo zamani. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, watu waliokuwa wakiiendesha kompyuta kubwa iitwayo Mark II walikuta nondo amenaswa ndani ya rilei, yaani swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Walimtoa yule mdudu, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa, yaani saa kumi kasorobo alasiri, na mahali alipoonekana: rilei nambari 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Washington. Saa, mahali, na kilichoonekana: mtu aliyekuja baada yao aliweza kuelewa yote kwa kusoma mistari michache.

Sasa narudi hapa shuleni. Katika chumba chetu cha kompyuta mna mashine zilizobandikwa karatasi yenye neno moja: MBOVU. Ukiuliza zina ubovu gani, hupati jibu. Ukiuliza nani aliyeziharibu, kila mtu ana jibu. Kidato cha Tatu husema ni Kidato cha Pili, Kidato cha Pili husema ni sisi wa Kidato cha Nne, nasi husema tulizikuta hivyo hivyo. Wakati huo huo wanafunzi watatu hukaa mbele ya mashine moja, mmoja akiandika na wawili wakitazama. Huenda baadhi ya mashine hizo zimekufa kweli. Huenda nyingine zimelegea waya mmoja tu. Hatujui, kwa sababu hatukutafuta.

Naomba basi mambo matatu. Kwanza, liwekwe daftari la hitilafu katika chumba hicho, na kila mashine ikikataa, yaandikwe yaliyoonekana: saa, mashine ya ngapi, feni zazunguka au hazizunguki, skrini ni nyeusi au ina maandishi, na jambo gani limekwisha kujaribiwa. Pili, karatasi ya MBOVU iondolewe, na badala yake ibandikwe karatasi yenye habari hizo. Tatu, wanafunzi wachache wapewe ruhusa ya kuzichunguza mashine hizo siku ya Jumamosi pamoja na mwalimu, wakiazima kipande kizima katika mashine moja na kukijaribu katika nyingine ya namna ile ile. Somo la mkondo wa umeme tulilolisoma katika Fizikia litapata mahali pa kufanyia kazi.

Labda walimu wengine watasema jambo hilo ni la hatari. Ni kweli lina hatari, nayo yafaa ielezwe wazi: mashine ichomolewe ukutani kabla ya kufunguliwa, na kile kisanduku cha pawasaplai mwanafunzi asikifungue kabisa, kwa maana umeme wa kudhuru waweza kubaki ndani yake hata baada ya kuchomolewa. Lakini twaruhusiwa kushika tindikali katika maabara ya Kemia kwa sababu tumefundishwa namna ya kuishika. Na hili nalo tufundishwe.

Wengine watasema ya kuwa tukiacha kuuliza nani, wanafunzi watakuwa wazembe. Hoja hiyo naiheshimu. Sisemi uzembe usikemewe. Mimi mwenyewe nilikuwa mzembe kwa kuacha kijitabu kwenye boksi, na nilistahili kukemewa. Nasema tu ya kuwa mkosaji hawezi kujulikana mpaka kosa lenyewe lijulikane. Tena mtoto aliyeogopeshwa hasemi aliyoyaona. Katika siku zile mbili mdogo wangu ndiye peke yake aliyeniangalia nikifanya kazi tangu mwanzo hata mwisho. Alipoulizwa baadaye, alisema aliniona nikiusukumia ule waya nyuma. Kama tungalimwuliza kwa upole jioni ile ile, tungalimaliza kazi kabla ya chakula cha usiku. Badala yake tulimfanya mshtakiwa, na shahidi wetu tukampoteza.

Kwenu wazazi nasema kwa heshima: mkirudi nyumbani mkakuta redio imenyamaza, au simu imezima, au taa hazitoki, ulizeni kwanza kilichoonekana, kisha ndipo mwulize nani. Na kwenu wenzangu nasema: kusema "Sijui, ngoja tutazame" si aibu. Kuuliza si ujinga. Aibu niliyoipata mimi ilitokana na kujifanya najua.

Kompyuta ya Baba yafanya kazi hata leo, na hesabu za sare zimo ndani yake, panya hawazifikii. Nikiwa nyumbani mimi huandika hesabu hizo, na kitufe cha kuiwasha hubonyezwa na mdogo wangu. Lile daftari la Mjomba nimekuja nalo shuleni. Kurasa zake nyingi bado ni tupu, na kama walimu wetu wataridhia, nalitoa liwe daftari la kwanza la hitilafu katika chumba cha kompyuta.

Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne