Mwalimu Akihama, Je, Ubingwa Humfuata?

Kila timu inapotwaa kombe, wapenzi wake hulitaja jina la mwalimu, yaani kocha, kabla ya majina ya wachezaji. Siku ikisikika kwamba mwalimu huyo aweza kuhama, wapenzi hao huona kama nyumba imeng'olewa nguzo, na klabu inayomngojea hushangilia kana kwamba kombe limekwisha fika mlangoni. Je, hofu ile na furaha hii zina msingi? Mfano wa kujifunzia unapatikana mbali, katika mji wa Melbourne nchini Australia, ambako watu wamekuwa wakiulizana swali hilo kizazi baada ya kizazi.

Kandanda ya Waaustralia si hii inayochezwa katika viwanja vyetu. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Kila upande una wachezaji 18, uwanja ni wa duaradufu, na mpira una umbo la yai. Mchezaji huruhusiwa kuushika mpira kwa mikono na kuupiga teke. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, hana budi kuupiga kwa ngumi, wala si kuurusha. Kila mwisho wa uwanja una milingoti minne. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya miwili mirefu ya katikati huleta pointi sita. Ukipita pembeni mwake huleta moja.

Katika mchezo huo, Alastair Clarkson aliiongoza klabu ya Hawthorn kupata ubingwa mara nne: mwaka 2008, kisha miaka mitatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015. Aliondoka Hawthorn mwishoni mwa msimu wa 2021. Ilipofika Agosti 2022, klabu mbili zilikuwa zikimtaka kwa wakati mmoja, Essendon na North Melbourne. Akaichagua North Melbourne, klabu aliyoichezea ujanani, ambayo msimu ule ilishinda michezo miwili tu na kushika mkia. Wapenzi wa North Melbourne walikuwa na sababu ya kutumaini, kwa maana klabu yao iliwahi kuokolewa na mwalimu mhamiaji.

Mhamiaji huyo alikuwa Ron Barassi. Baba yake, aliyeitwa Ron vilevile, alikuwa mchezaji wa klabu ya Melbourne na askari, akauawa vitani Tobruk, nchini Libya, mwaka 1941, mtoto akiwa bado mdogo. Baadaye Norm Smith, aliyecheza pamoja na marehemu, alimpokea kijana huyo nyumbani kwake. Smith akawa mwalimu wa timu ya Melbourne, na Barassi akawa mchezaji wake. Kwa pamoja walitwaa ubingwa mara sita kati ya 1955 na 1964.

Mwisho wa msimu wa 1964 Barassi alihamia Carlton kuwa nahodha na mwalimu. Wapenzi wa Melbourne walishikwa na hasira na majonzi, kwani waliyemwona kuwa mtoto wa nyumba alikuwa amekwenda kwa jirani. Lakini yeye alitaka kufundisha, na Carlton ilimpa nafasi. Aliipatia ubingwa mwaka 1968, na tena mwaka 1970 mbele ya watazamaji 121,696, baada ya timu yake kuachwa nyuma kwa pointi 44 ilipofika mapumziko. Klabu ya Melbourne, kwa upande wake, ilingoja ubingwa mwingine hadi mwaka 2021.

Barassi aliiacha Carlton mwishoni mwa 1971, na mwaka 1973 akaingia North Melbourne. Msimu uliotangulia, klabu hiyo ilikuwa imeshinda mchezo mmoja tu, na tangu kuingia katika ligi haikuwa imepata ubingwa hata mara moja. Mwaka 1974 ilifika fainali. Mwaka 1975 iliishinda Hawthorn kwa pointi 55 na kutwaa kombe lake la kwanza. Mwaka 1977 ikalitwaa tena, baada ya fainali ya kwanza kwenda sare na kulazimika kurudiwa.

Masimulizi mengi huishia hapo, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba mtu mmoja aligeuza jangwa kuwa bustani. Ukweli ni mpana zaidi. Kabla tu ya Barassi kuwasili, chama cha mchezo huo kilipitisha kanuni iliyomruhusu mchezaji aliyeitumikia klabu moja kwa miaka kumi kuhama bila kizuizi. Kanuni hiyo haikudumu, lakini viongozi wa North Melbourne walikuwa macho. Waliwachukua Barry Davis kutoka Essendon, Doug Wade kutoka Geelong na John Rantall kutoka South Melbourne. Wade alifunga magoli 103 katika msimu wa 1974, na Davis ndiye aliyekuwa nahodha wa timu iliyotwaa kombe mwaka 1975. Barassi, basi, alipewa silaha pamoja na amri. Wahenga walikwisha sema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka 1981 Barassi alirudi Melbourne, klabu ya baba yake. Safari hii alikuwa na ubingwa mara nne kama mwalimu, na heshima isiyo na kifani. Lakini msimu ule timu ilishinda mchezo mmoja tu kati ya 22, naye aliondoka mwaka 1985 bila kombe. Mtu alikuwa yule yule, bidii ile ile. Aliyoyakuta ndiyo yaliyobadilika. Hata hivyo, hakuondoka bila kuacha mbegu. Vijana walikusanywa na kufundishwa, mmoja wao akiwa Jim Stynes, aliyeletwa kutoka Ireland, na mwaka 1988 klabu ilifika fainali chini ya mwalimu mwingine. Aliyelima hakuvuna, lakini shamba halikuwa tupu tena.

Wasomaji walio katika jeshi la polisi watapendezwa zaidi na habari za Allan Jeans, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa askari polisi. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 27, alikabidhiwa timu ya St Kilda. Mwaka 1966 aliipatia ubingwa wake wa kwanza kwa tofauti ya pointi moja tu dhidi ya Collingwood. Aliifundisha klabu hiyo kwa misimu kumi na sita, kisha akapumzika. Mwaka 1981 aliingia Hawthorn, klabu iliyokuwa imekwisha kuwa bingwa mwaka 1976 na 1978, naye akaongeza ubingwa wa 1983, 1986 na 1989. Mwaka 1992 alikwenda Richmond, klabu iliyokuwa imetoka kwenye dhiki kubwa ya fedha. Alikaa msimu mmoja, wala hakukuwa na kombe. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Jeans alikuwa hodari mwaka 1989 na mjinga mwaka 1992?

Turudi kwa Clarkson. Katika msimu wake wa kwanza, 2023, North Melbourne ilishinda michezo mitatu kati ya 23. Mwaka 2024 ilishinda mitatu tena. Waliotarajia mwujiza walivunjika moyo, lakini sababu hazikufichika. Tangu miaka ya 1980 ligi hiyo imeweka mpaka wa jumla ya mishahara ya wachezaji, na vijana wapya hugawanywa kwa zamu, klabu iliyoshika mkia ikichagua kwanza. Utaratibu huo huwasaidia wanyonge, lakini huwasaidia polepole: kijana wa miaka 18 huchukua miaka kadhaa kukomaa. Mwalimu hawezi kuja na wachezaji wake wa zamani kama mtu anayehama na vyombo vyake. Huja na elimu yake, nidhamu yake na jina lake. Yaliyobaki huyakuta au huyajenga.

Hivyo basi, mwalimu hodari aweza kuhama, wala kuhama si dhambi, maadamu ametimiza ahadi yake na kuaga kwa heshima. Ila klabu inayomwita yapasa ijiulize kwanza imemwandalia nini, na iko tayari kumngojea kwa muda gani.

Wenye kuishi kambini hawana haja ya kwenda Australia kulithibitisha jambo hili. Barua ya uhamisho hufika, afande aliyesifiwa katika kikosi kimoja huhamia kingine, na mama wa nyumba hufunga mizigo na kuwatafutia watoto shule mpya. Huko aendako hukuta askari wasiomfahamu, ghala lisilojaa na desturi alizoziacha mwingine. Mwezi wa kwanza watu humsifu; mwezi wa sita huanza kunong'ona kwamba sifa zake zilikuwa za uongo. Kabla ya kunong'ona, na wahesabu alivyovikuta siku alipowasili, kisha wahesabu vilivyopo leo. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo kazi yake.