Bumba la Nyota Kando ya Moyo wa Nge

Mzazi mmoja wa hapa Likasi ametuletea swali ambalo, twadhani, limewafikia wengi. Mwanawe alirudi kutoka shule akisema ya kuwa zipo nyota zenye umri wa miaka milioni 12,000. Baba akamwuliza: "Ni nani aliyekuwapo hata akaihesabu?" Mtoto hakuwa na jibu, wala baba hakufurahi kwa kumshinda, maana aliona ya kuwa swali lile lamrudia yeye mwenyewe.

Swali hilo ni la haki. Hesabu ambayo mtoto ameambiwa tu, pasipo kuonyeshwa njia ya kuifikia, ni mzigo kichwani mwake, wala si elimu. Basi na tuitazame njia yenyewe, tukianzia uani petu, kwa sababu nyota hizo za kale zaonekana kutoka Likasi vizuri kuliko zionekanavyo Ulaya. Huko hupita chini karibu na upeo wa macho. Hapa kwetu hupita karibu na utosi.

Katikati ya mwezi wa Julai, yapata saa tatu na nusu ya usiku, simameni mkielekea kusini, kisha inueni nyuso juu sana. Mtamwona Nge amelala angani, mkia wake umepindwa kama ndoana. Kifuani mwake yang'aa nyota nyekundu: ndiyo Antares, ambayo tangu zamani huitwa Moyo wa Nge. Nyosheni mkono, mkaweke kidole kimoja kando ya Antares, upande wa magharibi, yaani kuume kwenu. Penye ukingo wa pili wa kidole ndipo lilipo jambo letu. Kwa macho matupu hamtaona kitu. Kwa darubini ndogo ya macho mawili mtaona kiwingu cha mviringo, hafifu, kama pumzi iliyobaki juu ya kioo. Na mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu ataona kiwingu hicho kikivunjika kuwa chembe nyingi za nuru, na katikati yake mstari wa nyota ukienda toka kaskazini hata kusini.

Mfaransa Charles Messier alikiandika kiwingu hicho mwaka 1764 katika orodha yake, kikawa cha nne. Ndiyo sababu wataalamu wakiita M4. Sisi tutakiita bumba la nyota, kwa kuwa chafanana na nyuki waliohama mzinga wakajishika tawini: katikati wamesongamana, pembeni wanapungua. Nyota zake ni makumi ya maelfu, nazo zashikana kwa mvuto wao wenyewe. Mabumba ya namna hiyo yanayolizunguka kundi letu kuu la nyota, lile liitwalo Njia ya Maziwa, yapita 150, na hili ni mojawapo ya yaliyo karibu nasi kabisa. Lakini "karibu" ni neno la wenye elimu ya nyota! Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja, nayo hutumia yapata miaka 6,000 kufika hapa kutoka bumba hilo. Nuru mtakayoiona usiku huo ilianza safari kabla mtu ye yote hajayeyusha shaba katika nchi hii.

Sasa tuje kwenye umri. Kijijini, nkambo asiye na cheti cha kuzaliwa hatuachi kumjua umri. Twauliza: alikuwa akinyonya au alikuwa akitembea wakati mji huu ulipoacha kuitwa Jadotville, mwaka 1966? Mambo mawili yakipatana, twaridhika. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo, ila shahidi wao ni moto.

Nyota za bumba moja zilizaliwa pamoja, kama watoto wa rika moja. Zilizo kubwa huteketeza kuni zao upesi, zikafa. Ndogo hutumia kidogo kidogo, zikadumu. Nyota iliyo mfano wa jua letu, ikiisha kuni zake, huvua matabaka yake ya nje na kuacha kiini tu, chenye ukubwa kama wa dunia yetu, lakini kizito karibu nusu ya jua. Kiini hicho huitwa nyota kibete nyeupe. Hakiwaki tena, kinapoa tu. Mama aingiapo jikoni alfajiri akaweka mkono juu ya mbabula, kwa joto la makaa atajua kama watoto walilala mapema au walikesha. Haitaji shahidi mwingine. Na katika bumba letu, makaa yaliyopoa kuliko yote ndiyo ya nyota zilizokufa kwanza. Nayo yatuambia moto uliwashwa lini.

Kazi ilikuwa kuyaona. Makaa hayo ni hafifu kupita kiasi: nuru yake haifiki sehemu moja katika milioni elfu ya nuru ya nyota hafifu kabisa ionekanayo kwa macho. Mwaka 2001 darubini ya Hubble, inayozunguka juu ya hewa ya dunia, ilikusanya nuru ya sehemu ndogo ya bumba hilo kwa muda ambao ukijumlishwa wafika siku nane hivi. Mwaka 2002 wataalamu waliokuwa pamoja na Harvey Richer wa Canada wakatoa jibu: miaka kati ya milioni 12,000 na milioni 13,000.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Kwa sababu palikuwa na aibu katika nyumba ya elimu: mtoto alionekana mkubwa kuliko mama. Mwaka 1927 padre Mbelgiji, Georges Lemaître, alionyesha ya kuwa ulimwengu wote unapanuka. Basi, ukihesabu nyuma, wapata mwanzo wake. Lakini vipimo vya kwanza vya Edwin Hubble, vya mwaka 1929, viliupa ulimwengu umri usiofika hata miaka milioni 2,000, na mawe ya dunia yalikuwa yamekwisha kuupita! Mawe nayo yana saa yake. Urani, kama ile iliyochimbwa hapa jirani Shinkolobwe, hugeuka risasi polepole, nusu yake kwa kila miaka milioni 4,500. Kwa saa hiyo Clair Patterson alionyesha mwaka 1956 ya kuwa dunia ina umri wa yapata miaka milioni 4,500. Vipimo vya anga vikasahihishwa. Lakini miaka ya 1990 ugomvi ukarudi, maana mabumba kama hili yalihesabiwa miaka milioni 15,000 na zaidi, na ulimwengu wenyewe pungufu. Hakuna aliyeficha hesabu yake ili kulinda heshima. Walipima tena umbali wa nyota. Mwaka 1998 ikagunduliwa ya kuwa ulimwengu wazidi kupanuka kwa kasi. Na leo mama ana miaka milioni 13,800, mtoto ni mdogo kwake. Mashahidi wawili wasiojuana wamepatana.

Liko jambo jingine, nalo kwetu watu wa shaba ndilo litupendezalo kuliko yote. Nuru ya bumba hili ikichambuliwa, yaonekana ya kuwa chuma kilichomo katika nyota zake hakifiki sehemu ya kumi ya kile kilichomo katika jua letu. Zilizaliwa ghala lilipokuwa karibu tupu. Chuma, shaba na kobalti vilipikwa ndani ya nyota, vikatawanywa zilipokufa, kizazi baada ya kizazi. Jua letu lilizaliwa baadaye sana, likakuta ghala limejaa. Ndiyo maana Kambove na Shituru zina cha kuchimba na cha kusafisha. Hata hivyo, katika umaskini ule wa madini, mwaka 2003 ilitangazwa ya kuwa ndani ya bumba hilo imo sayari yenye uzito kama wa Mshtarii mara mbili na nusu, ikizizunguka nyota mbili zilizokwisha kufa. Jinsi ilivyopata kuumbwa pale, wataalamu wangali wakibishana.

Kwa wenye kutaka kutazama, neno la mwisho. Mwezi wa Agosti bumba lapatikana mapema zaidi, tangu saa mbili ya usiku, watoto wangali macho. Lakini moshi wa pori linaloungua huwa umekwisha kutanda. Afadhali Juni, yapata saa tano, au Julai, usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za viwanda. Hata hapo msitazamie mng'ao mkubwa: mbele ya bumba hilo pamesimama wingu zito la vumbi la angani, nalo lakula sehemu kubwa ya nuru yake kabla haijatufikia.