Kengele garini haitoshi, tuitazame na hesabu ya tajiri

Kila alfajiri gari za shamba hutoka Ndijani, Bambi na Kinyasini kuja mjini, kwenye masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe. Zimebeba mapolo ya mihogo, matenga ya nyanya, wakulima na wachuuzi. Kila dereva anataka kuwahi, kwani anayechelewa sokoni hukuta bei imeshashuka. Mwendo huo tunaujua sote, na sote tunaulipia.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye matenga 20 ya nyanya. Breki za ghafla na kona kali zikiponda matenga mawili tu, sehemu moja ya kumi ya mzigo imepotea katika safari moja, wakati mbegu, mbolea na dawa zimeshalipiwa. Roho za watu ndizo hazina bei kabisa. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa, tangu breki zikamate mpaka isimame, hutumia masafa mara nne ya inayokwenda kilomita 40.

Wenzetu wa Tanzania Bara wameshaanza. Mabasi ya masafa marefu hufungwa vifaa vinavyofuatiliwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kifaa hupima mwendo kwa msaada wa setilaiti, na dereva akipitisha kiwango taarifa hufika kwa wasimamizi. Vipo pia vifaa vinavyomlilia dereva pale pale, vinavyorekodi breki za ghafla, na vyenye kamera za kumzindua anayesinzia. Uzuri wake ni kuwa dereva hukosolewa kabla ya ajali, si baada yake.

Naunga mkono vifaa hivyo vifungwe katika gari zetu za shamba. Lakini tusijidanganye. Dereva wetu wengi wanaendesha kwa hesabu: jioni tajiri anataka fedha yake kamili, mafuta yametolewa humo humo, na kinachobaki ndiyo riziki ya dereva. Mtu wa namna hiyo akipunguza mwendo anapunguza chakula cha watoto wake. Kengele ikimkera atakata waya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Matajiri wawape madereva mshahara unaoeleweka, na nyongeza kwa anayemaliza wiki bila ya kuliliwa na kengele. Sehemu ya fedha hiyo itarudi kwa kupungua matumizi ya mafuta, matairi na breki. Rekodi ya kifaa isiwe fimbo. Tajiri akae na dereva kila wiki, waangalie pamoja ni wapi na kwa nini alikwenda mbio.

Wakulima nao wakodi gari kwa vikundi, wakubaliane saa ya kuondoka mapema, na wamchague dereva anayefikisha mzigo mzima. Serikali ya Mapinduzi ianze na njia moja, gari chache, ipime matokeo kabla ya kulazimisha wote.

Mwenda pole hajikwai, walisema wazee. Lakini ili dereva aende pole, lazima kwanza tuhakikishe kuwa upole huo haumlazi na njaa.